Asali, Ufuta na Mchele Bila Ushuru: Mwongozo kwa Wazalishaji na Wafanyabiashara wa Katavi

Asali inayorinwa Inyonga, ufuta unaovunwa Mpanda na mchele unaokobolewa Usevya vina haki ambayo wengi wa wanaovizalisha hawajawahi kuidai. Tanzania imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo tangu orodha hiyo ilipoanzishwa mwaka 1971. Kwa sababu hiyo, masoko kadhaa makubwa ya dunia yameziondolea bidhaa zetu ushuru wa forodha. Umoja wa Ulaya ulifanya hivyo mwaka 2001 kwa kila kitu isipokuwa silaha. India ilifungua mpango wake mwaka 2008. Uingereza ilianza mpango wake mpya Juni 2023. China nayo, tangu tarehe 1 Desemba 2024, imeondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi za kundi hili zenye uhusiano nayo wa kibalozi, Tanzania ikiwamo.

Habari hizi hutangazwa redioni, watu wakafurahi, kisha bei ya shambani ikabaki palepale. Sababu ni moja: msamaha wa ushuru haujileti wenyewe. Unadaiwa kwa karatasi, na fedha yake hubaki kwa yule mwenye karatasi na anayejua hesabu. Mwongozo huu umeandikwa ili mwenye karatasi na hesabu uwe wewe, uwe mfugaji wa nyuki wa Mlele, kiongozi wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) Nsimbo, mwenye mashine ya kukoboa mpunga Mpimbwe au mfanyabiashara wa Mpanda mjini.

Nani hulipa ushuru, na nani hufaidika ukiondolewa

Ushuru wa forodha hulipwa na mwagizaji, yaani anayeupokea mzigo kwao. Wewe unayeuza hulipi. Kwa hiyo ushuru ukiondolewa, wa kwanza kupata nafuu ni yeye, na asipoambiwa chochote atanyamaza nayo.

Tuchukue asali. Ushuru wa kawaida wa asali inayoingia Umoja wa Ulaya ni asilimia 17.3 ya thamani ya mzigo. China, ambayo ni muuzaji mkubwa wa asali duniani, hulipiwa ushuru huo. Sasa tuseme kontena la futi 20 lenye tani 20 za asali lina thamani ya euro 50,000 likifika bandari ya Ulaya. Ushuru wake wa kawaida ni euro 8,650. Kontena hilohilo likitoka Tanzania na karatasi zake zikiwa sawa, ushuru ni sifuri. Karatasi zikikosekana, mwagizaji atalipa euro 8,650 hata kama kila mtu anajua kwamba asali ile ilitoka kwenye miombo ya Mlele.

Igawe hesabu hiyo ndogondogo uione vizuri. Euro 8,650 kwa kilo 20,000 ni kama senti 43 za euro kwa kilo. Ndoo ya lita 20 ya asali ina uzito wa takriban kilo 28, kwa hiyo kila ndoo imebeba nafuu ya kama euro 12 kabla hata hamjaanza kuzungumza bei ya asali yenyewe. Swali la biashara ni nani anabaki na euro hizo 12: mwagizaji, dalali wa katikati, au aliyepanda mtini usiku kurina.

Zao lako linafaidika wapi

Usidhani kila zao linafaidika kila mahali. Kuna masoko ambayo hayatozi ushuru kwa mtu yeyote, na huko msamaha wetu hauongezi kitu.

Asali ndiyo yenye nafuu kubwa Ulaya, kama tulivyoona hapo juu.

Ufuta ni kinyume chake. Ulaya haitozi ushuru ufuta wa nchi yoyote, hivyo Mtanzania na Mbrazili wanaingia sawa. China ndiyo yenye tofauti: ushuru wake wa kawaida kwa ufuta ni asilimia 10, na kwetu ni sifuri. China pia ni mnunuzi mkubwa wa ufuta wa Tanzania kwa miaka mingi. Kwa zao hili, mtazamo wako uwe mashariki.

Karanga zinaingia Ulaya bila ushuru kutoka popote. Kikwazo chake ni sumukuvu, na tutakifikia.

Mchele na mahindi faida yake iko karibu, ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa mchele unaotoka nje ni asilimia 75, na kwa mahindi ni asilimia 50. Baadhi ya nchi huomba kutoza pungufu. Kenya, kwa mfano, imekuwa ikitoza mchele wa nje asilimia 35. Hata hivyo mchele wa Katavi ukiwa na cheti huingia kwa sifuri, wakati ule wa Pakistani kwa kawaida unalipiwa. Hakuna soko la ng'ambo linalompa mkulima wa Mpimbwe nafuu kubwa kama hiyo. China, kwa upande wake, inaweka mchele na mahindi kwenye mgao: ushuru sifuri ni kwa kiasi kilichomo ndani ya mgao tu, kinachozidi hulipiwa kama kawaida.

Tumbaku huuzwa kwa mkataba na kampuni, na kampuni ndiyo inayosafirisha na kudai msamaha. Kazi ya chama cha msingi hapo ni kuhakikisha nafuu hiyo inatajwa wakati wa kupanga bei za msimu.

Hatua ya 1: Jua namba ya forodha ya bidhaa yako

Forodha haifahamu jina "asali mbichi ya Inyonga". Inafahamu namba. Tarakimu sita za kwanza za namba hiyo ni zilezile karibu dunia nzima. Asali ni 0409.00. Ufuta ni 1207.40. Karanga zinaanza na 1202. Mpunga ni 1006.10 na mchele uliokobolewa ni 1006.30. Tumbaku ghafi inaanza na 2401.

Ukiwa na namba, muulize wakala wa forodha au ofisa wa TCCIA, yaani Chemba ya Biashara, Viwanda na Kilimo Tanzania, maswali mawili: ushuru wa kawaida wa namba hii katika nchi ninayouza ni kiasi gani, na kwa bidhaa ya Tanzania ni kiasi gani? Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo mali unayokwenda kuidai. Kama jibu la kwanza ni sifuri, usipoteze nguvu kwenye vyeti vya upendeleo. Chagua soko kwa bei na kwa uaminifu wa mnunuzi.

Andika namba hiyohiyo kwenye kila karatasi. Ankara ikisema namba moja na cheti kikasema nyingine, mzigo utasimamishwa, na gharama ya kuhifadhi kontena bandarini itakula nafuu yote.

Hatua ya 2: Kusanyeni mzigo unaotosha

Mnunuzi wa ng'ambo hupanga kwa kontena. Tani 20 za asali ni ndoo zaidi ya 700, au mapipa kama 67 ya kilo 300. Mfugaji mmoja hazifikii, na hata kikundi cha kijiji kimoja kitahangaika. Vikundi vya vijiji kadhaa vikiungana chini ya chama kimoja kilichosajiliwa, inawezekana.

Tahadhari ya kwanza ya kuuza kwa pamoja ni kipimo. Gulioni asali huuzwa kwa lita na ndoo. Ng'ambo huuzwa kwa kilo. Anayenunua kwako kwa lita na kuuza kwa kilo anajua kwamba lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4. Chama kinunue mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na kila mwanachama alipwe kwa kilo. Kwa ufuta na karanga ni vivyo hivyo: lumbesa ikiruhusiwa mlangoni mwa ghala, hakuna upendeleo wa forodha utakaofidia kilo zinazopotea pale.

Kama ufuta wenu unauzwa kwa stakabadhi ghalani, anayesafirisha ni mnunuzi aliyeshinda mnada. Yeye ndiye atakayedai ushuru sifuri China. Nyinyi mtaipata faida kwa njia moja tu, ushindani wa mnada, na ushindani huletwa na ufuta safi, mkavu, uliopangwa kwa madaraja, ulioko ghalani kwa wingi siku ya mnada.

Hatua ya 3: Thibitisha kwamba bidhaa ni ya hapa

Huu ndio moyo wa jambo lote. Msamaha hutolewa kwa bidhaa *ya* Tanzania. Bidhaa iliyopitia tu Tanzania haina msamaha. Kwa mazao na asali, sharti ni rahisi kulieleza: iwe imelimwa na kuvunwa hapa, au nyuki wawe wamefugwa hapa. Kulithibitisha ndiko kunakotaka kazi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye msamaha wa ushuru methali hii ni sheria. Msafirishaji anayeuza Ulaya anatakiwa kutunza kumbukumbu zake kwa miaka isiyopungua mitatu, na forodha ya kule inaweza kuuliza baada ya mzigo kuliwa na kusahauliwa. Ikibainika uasili hauna ushahidi, mwagizaji atadaiwa ushuru ule aliosamehewa, na wewe hatakununulia tena.

Kwa hiyo daftari la kituo cha kukusanyia asali liwe na safu hizi: tarehe ya kupokea, jina la mfugaji, kijiji na eneo la msitu, aina ya mzinga, kilo, kiwango cha unyevu, namba ya ndoo, na namba ya pipa ndoo hiyo ilikomiminwa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, nayo ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mkaguzi akionyesha pipa namba 31, karani wa kikundi aweze kufungua ukurasa na kutaja wafugaji waliolijaza na siku waliyorina.

Usichanganye. Asali iliyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kongo au mpaka kutoka Zambia inaweza kuwa nzuri sana, lakini ikiingia kwenye pipa lenu inaharibu uasili wa pipa zima. Kama kikundi kinanunua asali ya nje ili kujaza kontena, iwekwe chumba kingine, na iuzwe kwa karatasi zake.

Hatua ya 4: Ubora kwanza, kwa sababu ushuru sifuri haufungui mlango wa afya

Wengi wakisikia "bila ushuru" hudhani "bila masharti". Ushuru ni mlango mmoja. Ukaguzi wa chakula ni mlango mwingine, nao haujali kama nchi ni tajiri au maskini.

Kwa asali, kikomo cha unyevu ni asilimia 20. Asali mbivu ni ile ambayo nyuki wenyewe wameyafunika masega yake kwa nta. Fungua mzinga, angalia sega: kama sehemu kubwa bado iko wazi na asali inachuruzika kama maji ukiliinamisha, lirudishe. Sega lililofunikwa likarinwa asubuhi kavu litakupa asali isiyochacha. Pima kila ndoo kwa refraktomita. Tone moja la asali kwenye kioo chake linatosha kusoma unyevu. Ndoo iliyozidi isichanganywe na nyingine kwa kutegemea kwamba itamezwa, maana asali yenye maji mengi huchachusha hata ile nzuri.

Adui wa pili ni joto. Asali ikichemshwa ili ichujike upesi, au ikikaa miezi chini ya bati la moto la Mpanda, huzalisha kemikali iitwayo HMF, ambayo ndiyo maabara za Ulaya huitumia kujua asali iliyopikwa au kuzeeka. Kikomo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kilo, na kwa asali ya ukanda wa joto kama wetu ni 80. Chuja kwa kitambaa bila moto. Jenga chumba chenye dari na madirisha ya kupitisha upepo. Tumia ndoo na mapipa mapya ya chakula. Dumu lililowahi kubeba mafuta au dawa ya shambani lisiingie kituoni hata likioshwa mara kumi. Moshi wa kufukuzia nyuki uwe wa majani makavu na uwe kidogo, kwani harufu ya moshi hushusha daraja la asali nzuri kabisa.

Fahamu pia kwamba kwa asali Ulaya hukubali nchi zenye mpango wa serikali wa kupima mabaki ya dawa, na Tanzania imo. Lakini kiwanda kinachofungasha nacho lazima kiwe kimeorodheshwa. Kikundi kipya kisicho na kiwanda kianze kwa kuuza kupitia kiwanda kilichokwisha kuorodheshwa, kwa mkataba wa maandishi unaotaja kilo, bei na namba za mapipa.

Kwa karanga na mahindi, adui ni sumukuvu. Haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu sehemu 10 kwa bilioni. Ulaya, kwa karanga za kuliwa moja kwa moja, inaruhusu 4 tu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, na ilipofungua tena ndani ya siku chache iliweka sharti la cheti cha sumukuvu. Ushuru ulikuwa sifuri wakati wote huo, na malori yalisimama mpakani. Kinga yake iko mikononi mwa mkulima: vuna kwa wakati, anika juu ya turubai wala si juu ya udongo, toa punje zilizovunjika na zilizooza, pima unyevu kabla ya kuweka ghalani, panga magunia juu ya mbao mbali na ukuta.

Hatua ya 5: Panga karatasi zako

Anza na za nyumbani: usajili wa kampuni BRELA au usajili wa chama cha ushirika, namba ya mlipakodi kutoka TRA, na leseni ya biashara. Bila hizo hakuna ofisi itakayokuandikia cheti.

Zinazofuata ni za bidhaa. Mazao ya mimea yanahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Chakula kilichofungashwa kinahitaji alama au cheti cha TBS. Asali, kwa kuwa inatokana na mdudu, inahitaji cheti cha afya cha serikali. Maofisa wa nyuki wa wilaya watakuelekeza pa kukipata.

Kisha ndiyo karatasi yenyewe ya msamaha: uthibitisho wa uasili. Kwa China na India ni cheti cha uasili wa bidhaa kinachotolewa na taasisi iliyoidhinishwa, na TCCIA ndiyo mlango wa kuanzia. Kwa Ulaya utaratibu umebadilika na wengi hawajapata habari. Siku hizi msafirishaji mwenyewe huandika kauli ya uasili kwenye ankara yake. Kama mzigo mmoja una thamani isiyozidi euro 6,000, msafirishaji yeyote anaweza kuiandika. Ukizidi hapo, ni lazima awe amesajiliwa katika mfumo wa wasafirishaji uitwao REX na namba yake iandikwe kwenye kauli hiyo. Uliza TCCIA namna ya kusajiliwa mapema, kabla hujatafuta mnunuzi.

Kauli hiyo huandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania, kwa maneno yaliyowekwa na kanuni, bila kubuni. Inataja nchi ya uasili, Tanzania, na kwa bidhaa iliyolimwa au kuvunwa yote nchini huwekwa herufi P. Ina uhai wa miezi 12. Wanaoanza wautumie vizuri mwanya wa euro 6,000: tumeni shehena ndogo ya kwanza, mjifunze njia na makosa kwa mzigo mdogo, ndipo mwende kwenye kontena.

Hatua ya 6: Chagua njia isiyoharibu uasili

Kutoka Mpanda mzigo wa ng'ambo una njia mbili za kawaida: kwa lori kupitia Tabora, au kwa reli ya Kaliua hadi reli ya kati, kisha bandari ya Dar es Salaam. Njia hizo ni salama kwa uasili.

Hatari iko kwenye kuuza asali au ufuta kwa mfanyabiashara anayevusha kwenda Nairobi, akaufungasha upya na kuusafirisha kwa jina lake. Katika majirani zetu wanane, Kenya peke yake haimo kwenye orodha ya nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo. Kenya ina mkataba wake na Umoja wa Ulaya ulioanza kutumika Julai 2024, nao una masharti yake. Bidhaa yako ikifunguliwa na kuchanganywa huko, haidai tena kama ya Tanzania. Mzigo unaopita tu nchi nyingine hauna tatizo, mradi ubaki chini ya ulinzi wa forodha na lakiri isifunguliwe. Weka hati za usafiri kuonyesha hivyo.

Hatua ya 7: Dai sehemu yako kwenye bei

Sasa rudi kwenye zile euro 12 za kila ndoo. Ukikaa na mnunuzi, mwandikie wazi: bidhaa hii ina uthibitisho wa uasili, kwa hiyo huingia kwako bila ushuru wa asilimia 17.3; bei yangu imezingatia hilo. Usiombe zote. Mwagizaji naye ana sababu ya kukuchagua wewe badala ya muuzaji wa China, na sababu hiyo ni nafuu atakayobaki nayo. Mkigawana nusu kwa nusu, ni kama euro 6 kwa ndoo, na hiyo inalipia refraktomita, mapipa mapya na mshahara wa karani wa daftari.

Tamka pia kwenye mkataba nani anabeba hasara uthibitisho ukikataliwa. Kama kosa ni lenu, mtalibeba. Kama ni la mwagizaji aliyechelewa kuuwasilisha, alibebe yeye.

Na ndani ya chama, nafuu hiyo isomwe mbele ya mkutano mkuu kama mstari wake peke yake: tumepata kiasi gani kwa sababu ya ushuru sifuri, na kimegawanywaje. Mwanachama anayeona mstari huo atakuletea asali mbivu msimu ujao.

Soko la jirani: cheti chepesi kwa mzigo mdogo

Kama unauza mchele Burundi kupitia Kigoma, au Rwanda na Kenya, huhitaji mlolongo wote huo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili kwa mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, mradi bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Hutolewa na ofisa wa forodha mpakani. Kiombe kwa jina. Usipokiomba, unaweza kujikuta unatozwa kama umeleta mchele wa Asia. Mama mwenye magunia kumi ya mchele ana haki ya cheti hicho sawa na mwenye lori. Mzigo ukizidi dola 2,000, omba cheti kamili cha uasili kabla ya kuondoka. Cheti cha afya ya mimea kinabaki kuwa cha lazima kwa vyote viwili.

Kwa wanaovuka ziwa kutoka Karema kwenda Moba na Kalemie: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa Jumuiya tangu Julai 2022, lakini ulizia tozo za upande wa pili kila safari kabla ya kupakia, na udai stakabadhi kwa kila unacholipa. Kwa wanaokwenda Zambia, cheti kinachofaa ni cha SADC. Ukisikia wenzako wa upande wa pili wakizungumzia cheti cha COMESA, hicho hakikuhusu, maana Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000.

Mambo ya kuangalia yasikushtue

Msamaha hutolewa na nchi inayonunua, na aliyetoa anaweza kuubana. Januari 2019 Umoja wa Ulaya ulirudisha ushuru kwa miaka mitatu kwa aina ya mchele kutoka Cambodia na Myanmar, nchi za kundi letu, baada ya wakulima wa Ulaya kulalamika. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha kiasi cha mbaazi zinazoingia, na bei ya mbaazi Tanzania ikaanguka wakati ghala zimejaa. AGOA, sheria ya Marekani ya kuziondolea ushuru bidhaa za Afrika iliyoanza mwaka 2000, ilifikia kikomo cha muda wake Septemba 30, 2025, na tangu hapo uhai wake uko mikononi mwa Bunge la Marekani. Usimpangie mnunuzi wa Marekani bei kabla ya kuthibitisha hali ya wiki hiyo.

Kubwa kuliko hayo: mwaka 2024 Tanzania, pamoja na Rwanda na Uganda, ilifikia kwa mara ya kwanza vigezo vya kutoka kwenye orodha ya nchi zilizo nyuma zaidi. Vigezo hupimwa tena kila baada ya miaka mitatu, na kutoka kwenyewe huchukua miaka kadhaa. Ulaya huendeleza msamaha kwa miaka mitatu baada ya nchi kutoka. Usichanganye jambo hili na tangazo la Benki ya Dunia la Julai 2020 kwamba Tanzania ni nchi ya kipato cha kati. Hizo ni orodha mbili tofauti, na ile ya Benki ya Dunia haikuondoa haki yoyote iliyoelezwa hapa. Lakini kwa mzalishaji, maana ya kufikia vigezo vile ni kwamba mlango huu una muda. Jina zuri la asali ya Katavi lijengwe sasa, wakati ushuru sifuri unatusaidia kuingia, ili siku ushuru utakaporudi, wanunuzi wawe wameshatuzoea kwa ubora.

Anza na haya

1. Andika namba ya forodha ya bidhaa yako na soko moja unalolitaka, kisha uulize TCCIA yale maswali mawili ya ushuru.
2. Fungua daftari la uasili kabla ya msimu, likiwa na safu ya namba ya ndoo na namba ya pipa au gunia.
3. Chama kinunue mizani iliyohakikiwa na kifaa cha kupimia unyevu.
4. Kamilisha usajili wa chama, namba ya mlipakodi na leseni. Kwa Ulaya, anza usajili wa REX.
5. Tuma sampuli maabara kabla ya kukubaliana bei.
6. Piga hesabu ya nafuu ya ushuru kwa kilo na uende nayo mezani.
7. Kwa mzigo mdogo wa mpakani, omba cheti rahisi cha uasili kwa jina lake.

Serikali zilizokaa na kukubaliana kuondoa ushuru zimefanya sehemu yao. Ofisa wa biashara wa wilaya, ofisa wa nyuki na ofisa ushirika wamewekwa wakuhudumie. Nenda nao ukiwa na maswali ya maandishi na usiondoke bila jibu. Mrina asali wa Mlele akilipwa kwa kilo, kwa bei iliyohesabu ushuru sifuri, hapo ndipo msamaha huu utakuwa umefika kwa yule uliyekusudiwa.